Nairobi ikikaza sheria ya moshi, je, moshi utahamia kwetu Athi River?

"Naishi Athi River, si mbali na barabara ya Mombasa, na watoto wangu wawili. Mdogo ana pumu. Nikiamka asubuhi nakuta vumbi la kijivu kwenye mabati na kwenye majani ya sukuma wiki. Siku hizi kuna mazungumzo kwamba Nairobi ikaze sheria za hewa na viwanda vyenye moshi viondolewe mjini. Majirani wamegawanyika. Wengine wanasema vitahamia kwetu, Kaunti ya Machakos, kwa hiyo tupinge. Wengine wanasema hewa haina mpaka, sheria ya kaunti moja haibadilishi kitu, tunyamaze tu. Nashindwa nisimame wapi. Sheria ya jirani ikikazwa, sisi tunapata nafuu au tunaongezewa taabu?"

Dada yangu, hapo umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na kila kundi la majirani zako limeshika moja. La kwanza linaogopa kiwanda kinachohama. La pili linazungumzia moshi unaohama. Yote mawili hutokea kweli, ila kiwanda husafiri kwa lori na moshi husafiri kwa upepo, wala haviendi upande mmoja. Ukivichanganya utapigania jambo ambalo halitakusaidia, na mtoto wako aendelee kukohoa.

Tuanze na hilo vumbi la kwenye sukuma, maana ndilo lililo mbele ya macho yako. Kesho asubuhi kabla jua halijapanda, chukua kidogo kutoka kwenye bati ulisugue kwa vidole. Vumbi la barabara ni tope tu lililokauka: lina rangi ya udongo wa kwenu, na maji ya kwanza hulisomba. Masizi hupaka weusi kwenye kidole na hayatoki vizuri bila sabuni. Vumbi la saruji lina tabia yake. Likipata umande usiku hushika, na baada ya wiki chache unalikuta limekuwa kama gamba ambalo hata ukilikwaruza kwa kucha halitoki lote. Kipimo hiki hakitoshi kupeleka mahakamani, lakini kinakupa mwanzo mzuri.

Liwe la aina gani, vumbi unaloliona kwa macho ni zito. Sehemu kubwa yake huanguka ndani ya kilomita chache tu kutoka linakotoka. Kwa hiyo lililo kwenye sukuma yako halikutoka Nairobi, na Nairobi ikikaza sheria kesho halitapungua. Ni la hapo hapo Athi River, na wa kulishughulikia ni Machakos pamoja na mamlaka ya kitaifa. Linawasha macho na koo, na kwa mwenye pumu linaweza kuamsha shambulio, kwa hiyo usilidharau.

Kinachosafiri ni kile usichokiona. Wataalamu hukiita PM2.5, yaani chembe laini zenye upana usiozidi mikromita 2.5, unywele mmoja wa kichwa ni mnene mara 30 hivi kuliko hapo. Chembe hizi hazizuiwi na vinyweleo vya puani. Zinafika ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia kwenye damu. Zinaweza kukaa hewani siku kadhaa hadi mvua izishushe, na upepo ukizipata huzipeleka mamia ya kilomita. Tena nyingine hazikutoka kwenye bomba lolote zikiwa chembe. Zilitoka zikiwa gesi ya salfa, kwenye makaa ya mawe au mafuta mazito, halafu zikageuka chembe zikiwa njiani, saa nyingi baadaye, juu ya kaunti nyingine. Ndiyo sababu mtu anaweza kuvuta hewa chafu mahali pasipo na kiwanda hata kimoja.

Marekani walilijifunza hili kwa gharama kubwa. Sheria yao ya hewa safi ya mwaka 1970 ilitaka hewa ya kila eneo ifikie viwango. Mitambo mingi ya umeme wa makaa ya mawe ikajibu kwa kurefusha mabomba ya moshi. Vipimo vya karibu na mtambo vikawa vizuri, watu wa hapo wakashukuru, na moshi ukapita juu ya vichwa vyao kwenda majimbo ya mashariki na Kanada, ukaanguka kama mvua ya asidi kwenye maziwa na misitu. Mwaka 1977 Bunge lao likaweka masharti ili urefu wa bomba usihesabiwe tena kuwa usafi. Lakini nafuu kubwa ilikuja na marekebisho ya 1990, yaliyopunguza salfa yenyewe badala ya kuisogeza. Ukisikia mtu anawaahidi bomba refu zaidi, mwulize kitakachopungua ni kiasi gani, na kitaangukia kwa nani.

Sasa upepo, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu majirani zako wote wamelisahau hili. Athi River iko kusini mashariki mwa Nairobi, umbali wa kilomita 25 hivi. Upepo wa maeneo hayo kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka mashariki: wakati wa kaskazi huelemea kaskazini mashariki, wakati wa kusi huelemea kusini mashariki. Maana yake moshi wa Nairobi, kwa siku nyingi, huenda upande wa Ngong na Kikuyu, hauji kwenu. Wenu ndio unaokwenda Nairobi, na zaidi miezi ya kusi. Zipo siku upepo hugeuka, na zipo asubuhi za Juni na Julai ambapo hewa hutulia kabisa, wingu linakaa chini, na kila mtu anavuta alichokitoa mwenyewe. Lakini mwelekeo wa jumla ndio huo.

Kwa hiyo jirani anayesema "hewa haina mpaka" amesema kweli, ila hewa ina mwelekeo. Nairobi ikisafisha hewa yake, wewe utapata nafuu kidogo kuliko unavyodhani. Na Nairobi ikisukuma viwanda vyake kuelekea Athi River, itakuwa imeviweka mahali ambapo upepo utaurudisha moshi mjini. Hiyo ni hoja yenu kubwa mezani. Nairobi ina sababu yake yenyewe ya kutaka Machakos ikaze, wala haifanyi hivyo kwa huruma.

Beijing walipita njia hiyo hiyo. Mji ule una milima upande wa kaskazini na magharibi, na kusini na mashariki umezungukwa na mkoa wa Hebei, wenye viwanda vingi vya chuma. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kuondoa uchafu mjini. Kiwanda kikubwa cha chuma cha Shougang kilizima tanuri zake za Beijing mwishoni mwa 2010, na uzalishaji ukahamia Caofeidian, pwani ya Hebei. Miaka miwili tu baadaye, Januari 2013, Beijing ilifunikwa na moshi mzito uliotangazwa dunia nzima. Baada ya hapo walipima chembe zinatoka wapi, na mwaka 2014 mamlaka za mji zikasema kwamba kati ya asilimia 28 na 36 ya chembe laini za Beijing zilitoka nje ya mji.

Hesabu hiyo isome kwa pande zote mbili, dada. Karibu theluthi moja ilikuwa ya jirani: usipozungumza naye hufiki. Lakini theluthi mbili zilizobaki zilikuwa za kwao wenyewe: magari, majiko ya makaa ya mawe, vumbi la ujenzi. Anayesema sheria ya eneo moja haisaidii chochote ameikosea hiyo sehemu kubwa zaidi.

Walichofanya ni kuacha kutibu mji peke yake. Mpango wa kitaifa wa Septemba 2013 uliweka lengo moja kwa ukanda mzima wa Beijing, Tianjin na Hebei: chembe laini zipungue asilimia 25 kufikia 2017. Mwaka 2017 wakaongeza eneo, miji 28 ikawekwa chini ya masharti ya pamoja wakati wa baridi, ikiwemo ya mikoa ya Shanxi, Shandong na Henan. Wastani wa Beijing ulishuka kutoka mikrogramu 89.5 kwa kila mita ya ujazo mwaka 2013 hadi 58 mwaka 2017, na mwaka 2021 ukawa 33. Hiyo ilikuwa bado zaidi ya mara sita ya kiwango cha mikrogramu 5 kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2021, lakini ni tofauti ambayo kifua cha mtoto kinaihisi.

Yapo maumivu yasiyosemwa sana. Majira ya baridi ya 2017, mamilioni ya nyumba za kaskazini mwa China zilikatazwa makaa ya mawe kabla gesi haijawafikia wote. Huko Hebei iliripotiwa shule ambayo watoto walisomea nje, juani, kwa sababu madarasa yalikuwa na baridi kuliko uwanja. Serikali ikalazimika kuruhusu makaa pale ambapo gesi haikuwa imefika. Mimi naliona lile kuwa dhuluma: mji tajiri ulipata anga safi, na sehemu ya bei ikalipwa na wanavijiji wa mkoa jirani. Ndiyo maana nikisikia "sheria ya pamoja" huuliza kwanza nani analipa.

Turudi kwenye hofu ya kiwanda kinachohama, maana majirani zako wa kundi la kwanza hawajaota. Marekani, kwa namna sheria ile ya 1970 ilivyotekelezwa, kaunti zilizoshindwa kufikia viwango zilipewa masharti makali na zilizofaulu zikaachiwa kwa ulegevu. Watafiti waliofuatilia miaka iliyofuata walikuta kwamba viwanda vipya vya aina chafu vilipungua kwenye kaunti zenye masharti makali na kuelekea zile zenye ulegevu. Hilo lilitokea. Lakini nchi nzima kwa jumla, uchafuzi wa aina sita zinazopimwa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 70 tangu 1970, huku uchumi ukikua. Baadhi ya moshi ulihama, na mwingi ukazimwa kabisa.

Swali lenye faida kwako ni viwanda vipi huhama. Kiwanda cha saruji hakihami kwa urahisi: kimefungwa na mawe yake, mtambo wake ni wa mabilioni, na saruji ni nzito kiasi kwamba kuisafirisha mbali kunakula faida. Wanaohama ni wepesi. Mtu anayeyeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi, anayechemsha matairi kupata mafuta, mwenye tanuri dogo la vyuma chakavu: hao wanahitaji ua wenye ukuta, umeme, na mwenye ploti asiyeuliza maswali. Wakifukuzwa Jumatatu, Ijumaa wamewasha kwingine. Na ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu risasi haikohozi mtu. Inaingia kimya kwenye damu ya mtoto na kuharibu ubongo. Mkiweka macho, yawekeni kwenye kuta mpya ndefu zinazofuka usiku kabla ya kuyaweka kwenye bomba kubwa ambalo kila mtu analijua.

Kuhusu sheria, wengi hudhani kuvuka kutoka Nairobi kuingia Machakos ni kuingia pasipo na sheria. Sivyo. Kanuni za ubora wa hewa, zilizo chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinatumika Kenya nzima, na msimamizi wake ni NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kiwanda kinachotoa moshi kinatakiwa leseni ya utoaji moshi kiwe Nairobi au Machakos. Juu ya hapo, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Kwa hiyo kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Tofauti iko kwa mkaguzi: wako wangapi, wana gari lenye mafuta, wana mtambo wa kupimia, wanakuja saa ngapi. Mwenye kiwanda huhamia palipo na mkaguzi mchache.

Saa ni jambo kubwa kuliko watu wanavyojua. Kwenye saruji vumbi hukamatwa na vichujio vya mifuko, mifuko mirefu ya kitambaa iliyopangwa kwa mamia, na ikitunzwa hukamata zaidi ya asilimia 99. Mfuko ukichanika, vumbi hupita pale pale. Kuubadilisha kunataka kusimamisha kazi, na kusimamisha kazi ni hasara. Mkaguzi anayefika saa nne asubuhi kwa miadi hawezi kujua yaliyotokea saa nane usiku. Wewe unayeamka na kukuta bati limebadilika rangi unajua.

Usidhani kila kinachovuka mpaka ni kibaya. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hapo kabla viwango viliruhusu mara kumi ya hiyo, na kwingine zaidi. Fikiria kama Kenya ingefanya peke yake: lori lingejaza mafuta machafu ng'ambo na kuja kuyachoma karibu na nyumba yako. Kwa kuwa mafuta ya Kampala na Kigali hupitia kwa wingi bandari hizi zetu mbili, Mombasa na Dar es Salaam, kiwango kimoja kilikuwa rahisi kusimamia kuliko vitano. Jirani alipokaza, na wewe ukapata. Magari ya mtumba yanaonyesha upande wa pili: Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, Uganda tangu 2018 ikaweka mpaka wa miaka 15. Gari la miaka 12 lisiloweza kusajiliwa Kenya linashushwa Mombasa, linapita barabara ile ile kwenda Uganda, na huko litafuka miaka mingine kumi.

Basi usimame wapi? Nikiwa mimi, nisingeipinga Nairobi. Kuipinga kunawaacha watu wa huko na moshi wao, na nyinyi mnabaki na vumbi lenu. Ningedai kwamba siku masharti mapya yanapoanza Nairobi, yaanze pia Machakos, Kajiado na Kiambu, kwa kipimo kimoja na ratiba moja, na wakaguzi waongezwe upande ambao viwanda vinaelekea. Ningedai vipima hewa viwekwe wanakoishi watu, na matokeo yake yaonekane na kila mtu. Vipo vya bei nafuu, kama vile walivyobuni Chuo Kikuu cha Makerere kule Kampala. Si sahihi kama mitambo mikubwa, lakini ukiviweka vingi vinaonyesha uchafu unazidi wapi na saa ngapi.

Ikitokea Nairobi imekaza peke yake, kwenu kutakuwa na hasara kiasi, sitakuficha. Itakuwa ndogo au kubwa kulingana na meza ya Machakos inayotoa vibali. Na kuna wanaopata ugali wao kwenye viwanda hivyo hivyo, labda ndani ya ploti yenu. Kwao neno "fungeni" ni tishio. Mahali pengi shida ni mfuko wa kichujio uliochanika, na dawa yake ni kuubadilisha bila kumfukuza mtu kazi. Semeni hivyo waziwazi kwenye mkutano, mtapata wenzenu mlikotarajia maadui.

Anza na daftari. Tarehe, saa, upepo unatoka wapi (kitambaa kwenye kamba ya nguo kinatosha), ulichoona au kunusa, na kama mtoto alikohoa usiku. Piga picha ya bati lile lile kila asubuhi. Mwezi mmoja wa daftari kama hilo, likiwa la nyumba tano zilizotengana, humpa afisa wa NEMA wa kaunti kitu cha kushika. Kiwanda kipya kikipangwa, lazima kifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na umma ualikwe kutoa maoni. Soma tarehe ya mwisho kwenye tangazo, kwa sababu wengi huamka mashine zikishafungwa. Leseni ikitolewa na hamkubaliani, kuna Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira, na rufaa huko kwa kawaida ni ndani ya siku 60. Hapo tafuteni wakili, msiende kwa maneno ya mtaani. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda kortini kutetea mazingira safi bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha betri, walishinda shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakanyang'anywa ushindi kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha 2024. Ilikuwa safari ndefu, na kuna waliofariki kabla haijaisha.

Mtoto lakini hawezi kungoja kortini. Mpeleke kliniki ya kifua hata kama leo yuko sawa, ukiwa na daftari lako, daktari aone mashambulio yanakuja siku gani na kama dawa ya kuvuta anayotumia inamtosha. Mweleze pia mnapikia nini. Jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, au takataka zinazochomwa nyuma ya ploti jioni, vinaweza kumletea chembe laini nyingi kuliko kiwanda chochote, na hivyo unaweza kuanza kuvipunguza wiki hii. Asubuhi zenye vumbi, fagia kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio mkavu, na funga madirisha ya upande unakotoka upepo. Ukiona anapumua hadi mbavu zinaingia ndani, hawezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, au dawa ya kuvuta haimpi nafuu, mpe dawa huku mkielekea hospitali. Usisubiri kupambazuke.